Sifuri Haina Mbele

Ofisini Milimani nilikijaribu kipimo juu ya ndoo tupu.
Kikasoma sifuri. Nikapiga mluzi.
Sifuri haina mbele, haina nyuma,
ukiigeuza inakutazama kwa uso uleule.
Nikakifunga kwenye nguzo ya daraja, Ahero,
nikarudi Kisumu kabla ya chakula cha mchana.

Usiku mmoja wa Aprili, Nyando ukapanda.
Odemba, anayemulika ufito wa rangi kwa tochi,
akaandika katika daftari lake la hesabu:
mia mbili hamsini na sita.
Kipimo changu kikatuma Kisumu: moja.
Sentimita moja!
Maji ya kulowesha ukucha.
King'ora kikalala. Kulipokucha
magunia kumi na manane ya mpunga yalikuwa yamevimba ghalani,
na Odemba akanipigia simu, bila hasira:
"Kwani chombo chako husoma kuanzia upande gani?"

Upande gani.

Shuleni Webuye mwalimu alianza na jina la baba:
Khaemba Nasambu. Nyumbani, Nasambu kwanza.
Sikuwa wasichana wawili. Lakini siku ya matokeo
karani alinitafuta kwenye N, nami nimo kwenye K,
akaniambia sikufanya mtihani.
Basi ndivyo. Kihisi hutuma kubwa mbele:
moja, kisha sifuri.
Kichakataji changu hupokea ndogo mbele,
na ile moja iliyobeba mia mbili hamsini na sita mgongoni
ikatuliwa mzigo, ikawa moja ya peke yake.
Hakuna baiti iliyopotea. Zote mbili zilifika salama.

Kosa la pili nililinunua mwenyewe:
kichakataji kidogo, cha bei nafuu. Kikaganda.
Kwenye kompyuta ya mezani msimbo uleule ulipita kama maji.
Siku tatu nililaumu betri, nikalaumu unyevu,
nikamlaumu fundi wa Kibuye aliyechomelea nyaya.
Kumbe mwanzoni mwa ujumbe kuna baiti moja tu,
namba ya kituo, imekaa mlangoni,
imewasukuma jamaa wote hatua moja.
Saa ya kipimo, baiti nne, ikaanzia anwani ya tatu
kama mpangaji wa Nyalenda
aliyelaza kichwa chumba hiki, miguu chumba cha pili,
ukuta kiunoni.
Kompyuta kubwa ina funguo zote;
hufungua milango miwili na hainung'uniki.
Hiki kidogo hufungua mlango mmoja kwa wakati,
na kikiona kiuno ndani ya ukuta, kinaita polisi.
Nami ndiye niliyenyoosha kidole palepale ukutani
nikaapa: hapa inaanza namba nzima.
Lugha ya C haibishani na anayeapa.

Sasa siapi. Nabisha hodi kwa kila baiti.
Ya kwanza naiinua, naisogeza kushoto hatua nane,
ya pili naiacha ilipo,
naziunganisha. Mkono wangu ndio unaojua
ipi ya baba, ipi ya mtoto;
sikiulizi kichakataji kilizaliwa upande upi.
Na ile saa naihamisha kimoja kimoja,
godoro, sufuria, kiti, ndoo,
hadi chumba chake mwenyewe, ndipo naisoma.
Ni polepole kidogo.
Nyando haujalalamika.

Ukutani nimebandika namba ya majaribio:
mia mbili hamsini na nane.
Ikigeuzwa huwa mia tano kumi na tatu,
haina pa kujificha.
Ndoo tupu nimempa mlinzi afulie.

Odemba bado anasoma ufito wake.
Hupiga simu jioni, sauti ikikatikakatika,
hutaja mia, kisha makumi, kisha mamoja,
nami naandika vivyo hivyo kwa kalamu
kabla sijatazama skrini.